Zitoshe Kwanza

Balaa lilianza na neno maktaba. Nilimwambia jirani yangu, muuza vitenge, kwamba siku hizi ninafanya kazi ya maktaba, na kabla wiki haijaisha watu watatu walikuwa wamebisha mlangoni kwangu kuazima vitabu. Wa kwanza alitaka kitabu cha nyimbo za kanisa. Wa pili alitaka msahafu wenye maandishi makubwa, kwa sababu macho ya baba yake yamechoka. Wa tatu hakuwa na haja ya kusoma, alikuja kuuliza kama maktaba inauza kalamu. Mimi nilikuwa na fotokopi moja, kompyuta mbili ambazo moja ilikuwa mgonjwa, na sola mbili juu ya bati. Kitabu pekee nilichokuwa nacho kilieleza namna ya kutengeneza fotokopi, nacho kilikuwa cha Kichina. Nilimwazima yule wa tatu, na mpaka leo hajakirudisha.

Nina sekretaria pale Kasongo, chumba kimoja karibu na soko. Watu huja niwapigie chapa barua za kuomba kazi, barua za kukana deni la mahari, na hotuba za harusi ambazo baadaye husomwa vibaya. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kuharibu na kutengeneza, na ndivyo nilivyoangukia maktaba ile.

Maktaba ya programu haina vitabu. Ni maagizo ya kompyuta ambayo watu wameyaandika mara moja ili wengine wasihangaike kuyaandika upya, kama mtu aliyekwisha kutwanga pilipili, wewe unachota tu. Yetu ilikuwa na kazi moja: kuweka kumbukumbu ndani ya simu pasipo mtandao, na kuzituma siku mtandao utakapoamua kurudi. Ilikuwa mali ya watu wote. Hakuna aliyelipwa, kila mtu aliruhusiwa kuitengeneza, na kwa hiyo kila mtu aliruhusiwa kubishana. Mimi kwa kubishana nina kipaji.

Kwa maktaba hiyo nilitengeneza kitu kidogo cha simu cha kuandikia pointi za wanafunzi, nikakipa shule moja ya kanisa upande wa Kabambare. Mkuu wa shule hiyo, ambaye kwetu tunamwita Prefe, alikuwa mtu mwembamba wa tai na viatu vilivyopigwa rangi hata wakati wa vumbi. Alikipenda sana. Alikipenda kiasi cha kunipigia simu kila siku. Mama, hii alama ya kijani ni ya nini? Mama, mwanafunzi mwenye majina matatu nimwandike vipi? Alinipigia nikiwa sokoni, alinipigia nikiwa kwenye mazishi, na ndipo nikaamua kuandika mwongozo.

Watu wa mikutano husema miongozo huandikwa kwa moyo wa kushirikiana. Mimi wangu niliuandika kwa hasira. Maktaba ilikuwa na mwongozo wa Kiingereza na wa Kifaransa tu, nikawaambia wenzangu wa kikundi cha maktaba nitaleta wa Kiswahili, kwa watumiaji na kwa watengenezaji. Walifurahi, wakaniwekea vidole gumba vingi. Hawakujua kwamba nia yangu ni kuwa na jibu moja la kumpa Prefe: usinipigie, soma mwongozo.

Kila nilichoandika kilipitia kwa mkaguzi. Mkaguzi wa Kiswahili alikuwa kijana wa pwani, mwenye adabu ya kuchosha. Hakuwahi kusema nimekosea. Alisema, "Dada yangu, naona hapa tungeweza kuboresha kidogo," kisha anageuza kila kitu. Nikiandika iko, ananirudishia ipo. Nikiandika mutu, anang'oa ile u kama mtu anayetoa mwiba. Siku moja aliona kitufe katika kile kitu changu cha pointi, kitufe nilichokiandika Tosha, akauliza kwa upole kinatosha nini. Nikacheka peke yangu mpaka mteja wa fotokopi akanitazama. Kwetu kutosha ni kutoa. Tosha viatu kabla hujaingia, tosha sufuria motoni. Nilimweleza, akanishukuru, akasema kwao jambo linalotosha ni lile ambalo halihitaji kuongezwa, na akapendekeza niandike Ondoa. Katika mwongozo nilikubali. Katika kitu changu cha simu nikaacha Tosha, maana huko hakuwa na ruhusa ya kunifikia.

Naomba ikumbukwe kwamba nilijua. Maana zote mbili zilikuwa kichwani mwangu, zimekaa kitako.

Lakini kusahihishwa kila siku kunachosha, na mimi nina kiburi. Kasongo tunajisifu kwamba Kiswahili chetu kiko karibu na cha pwani kuliko cha Lubumbashi, na hapa nilikuwa narudishiwa kazi kama mtoto wa darasa la pili. Nikaanza kuandika kwa kumtega, asipate cha kusahihisha. Nikatafuta maneno ya redio, nikaweka ipo na yapo na ndipo. Nilipofika sehemu ya kutuma pointi nilitaka kusema jambo rahisi, kwamba usitume kabla darasa zima halijatimia. Nikaliandika hivi: "Kumbukumbu za darasa zitoshe kwanza, ndipo uzitume."

Mkaguzi hakugusa hata nukta. Aliandika kwamba sentensi hiyo ni nzuri, na kwamba nimeandika kama mtu aliyezaliwa pwani. Nilitembea na sifa hiyo sokoni kwa siku mbili. Nilinunua samaki wa Nyangwe bila kubishana bei, jambo ambalo muuza samaki alilitilia shaka.

Basi Prefe akaacha kupiga simu. Nilifurahi, nikaamini kwamba ameelewa. Kweli alikuwa ameelewa. Katika eneo lote la Kabambare, na nadhani katika dunia nzima, yeye ndiye mtu pekee aliyeusoma mwongozo wangu kutoka mwanzo hadi mwisho, tena akiwa na kalamu nyekundu mkononi.

Alipiga tena mwezi wa sita ukielekea kwisha, siku nane kabla ya proklamasio, ile siku ya kutangaza matokeo ambapo wazazi wote huja uwanjani na nguo zao nzuri. Sauti yake ilikuwa ya utulivu mno.

"Mama, mulisema tuzitoshe kwanza. Nikazitosha. Sasa nimetuma, simu inasema imetuma sifuri."

Nilimuuliza amebonyeza nini. Alibonyeza Tosha. Simu ilimuuliza kama ana hakika, akaona ni swali la heshima, akajibu ndiyo. Alifanya hivyo darasa moja baada ya jingine, kwa mpangilio, mpaka mitihani yote ya mwisho wa mwaka ikatoweka. Nilimuuliza kama walimu hawana madaftari ya pointi. Akasema aliyafuta madaftari tangu Pasaka, kwa sababu ukurasa wa kwanza wa mwongozo wangu ulisema kwamba atakayefuata maelezo haya hatahitaji karatasi tena. Hilo nalo niliandika mimi. Pointi za vipindi vya nyuma zilikuwapo, zilikwisha kutumwa. Za mtihani wa mwisho zilikuwa zimekwenda, na mimi mwenyewe nilikuwa nimejisifu kwenye kikundi kwamba kitufe changu kikifuta, kimefuta.

Nilikata simu nikiwa nimewaka. Hasira yangu ina tabia moja mbaya, haikosi mtu wa kumwangukia, na siku hiyo ilimpata yule kijana wa pwani. Niliandika kwenye ukurasa wa kikundi, mbele ya watu wote, kwamba kuna watu wanaokaa kando ya bahari na kuharibu maneno ya wenzao bila kuuliza kama yataeleweka bara, kwamba shule nzima imepoteza mitihani kwa sababu ya sentensi yao, na kwamba ukaguzi si kazi ya kufundisha watu wazima kusema ipo. Nilituma, nikaenda kunywa chai na roho yangu ikiwa nyeupe.

Nyani haoni kundule. Maktaba za namna hii hutunza, kwa kila mstari, jina la aliyeuandika na saa aliyoandika, na kuna agizo la kuyaonyesha ambalo kwa Kiswahili tunaliita lawama. Niliporudi na kikombe changu, kijana alikuwa ameshajibu. Alianza kwa kunipa pole, akawapa pole wanafunzi, akaomba radhi kwa kuwa alipokagua hakukumbuka kile nilichomfundisha kuhusu neno tosha. Mwisho kabisa, kama mtu anayeweka sahani mezani bila kupiga kelele, akabandika mstari wenyewe pamoja na lawama yake. Jina lilikuwa langu. Saa ilikuwa saa nne asubuhi, siku ile niliyonunua samaki kwa furaha.

Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Nilifuta ujumbe wangu, lakini watu kumi na wawili walikuwa wameshausoma, na mmoja wao aliweka alama ya kicheko ambayo sijamsamehe. Nilirekebisha sentensi. Niliomba radhi kwa maneno machache kuliko yale niliyotumia kutukana.

Ilibaki kumwambia Prefe. Nilimpigia, nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba watu wa pwani walikuwa wameingiza neno lao katika mwongozo. Sijui kama nilipanga. Hapa kwetu watu wa pwani wamekwisha kulaumiwa kwa mengi tangu zamani za misafara ya pembe na watumwa, mengine ni kweli kabisa, na nilijua hili moja likiongezwa juu ya rundo halitaulizwa ushahidi. Prefe alisema anaelewa. Akasema pia, kana kwamba anazungumzia mvua, kwamba mwenyekiti wa komite ya wazazi amemwambia matokeo yasipotoka siku ya proklamasio, basi yeye mwenyewe atoke.

Kesho yake nilipanda pikipiki. Barabara ya Kabambare wakati wa kiangazi ni vumbi jekundu, madaraja ya magogo, na dereva anayekuambia ushuke uvuke kwa miguu kisha anaruka na pikipiki huku akiimba. Nilifika nikiwa na rangi ya tofali. Prefe alinipokea na beseni la maji na bukari kwa sombe, yaani ugali na kisamvu, akaniita mtu wa msaada.

Simu yake niliichokonoa mchana kutwa. Hakukuwa na kitu. Nikamuuliza karatasi zenyewe za mtihani ziko wapi, zile kopi ambazo walimu walizisahihisha. Akatazama viatu vyake. Kwa kuwa shule haihitaji karatasi tena, sentineli, mlinzi wa shule, alikuwa amezigawa kwa akina mama wa karanga.

Hivyo ndivyo mimi, mtu wa maktaba, na Prefe, mtu wa tai, tulivyoanza kuzunguka soko tukinunua karanga. Kopi moja ya mtihani hukatwa vipande viwili na kusokotwa kuwa vifuko viwili, kwa hiyo ukipata jina la mtoto huna pointi, na ukipata pointi humjui mtoto. Tuliunganisha nusu na nusu juu ya meza ya ofisi yake, tukiangalia mwandiko, tukiangalia wino. Tulipata Jiografia ya darasa la nne karibu yote kwa mama mmoja aliyekuwa anakaa chini ya ukuta wa kanisa. Hesabu ilikuwa imetawanyika. Siku ya pili akina mama walishaelewa tunachotafuta, wakaanza kutuita kwa masomo: njoni huku iko Fizika, huku iko Kifaransa. Tulikula karanga asubuhi, mchana na jioni. Prefe alikuwa anaomba samahani kila mara tumbo lake liliposema kitu.

Kopi ambazo hazikupatikana alizitungia kanuni, na kanuni ilikuwa ya haki: mwanafunzi aliyepotelewa na karatasi atapewa wastani wa vipindi vyake vya nyuma. Aliitangaza sokoni ili watu wasinung'unike. Hakujua kwamba hapo ndipo alipotufundisha wizi.

Siku ya nne nilikuwa peke yangu kwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, ambaye karanga zake zilikuwa na chumvi kuliko za wengine. Alimimina kifuko cha mwisho mkononi mwangu, akaanza kunikunjulia karatasi, kisha mkono wake ukasimama. Niliona anachokiona. Ilikuwa Hesabu, nusu ya juu, yenye jina la binti yake wa darasa la tano, ambaye dakika chache kabla yule mama alimwita kwa jina hilo hilo amletee kikombe. Na nusu ya chini ilikuwa imebandikana nayo kwa mafuta ya karanga. Sita juu ya ishirini, kwa wino mwekundu.

Yule mama aliikunja mara nne, taratibu, akaifunga katika ncha ya kitenge chake pale wanapofunga vitu vya maana. Akanitazama usoni.

"Umeona nini, mama?"

Nilimwambia sikuona kitu. Aliniongezea karanga kiganja kizima. Nilizila njiani nikirudi ofisini, na niseme ukweli, zilikuwa tamu. Nilijiambia kwamba mtoto alikuwa na pointi nzuri za nyuma, kwamba siku moja ya hesabu haimpimi mtu, na kwamba mimi si polisi. Nilikuwa mwepesi kumwelewa mwenzangu mwenye kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Prefe aliponiuliza kama nimepata chochote, nikasema nimepata karanga.

Siku ya proklamasio uwanja ulijaa. Akina baba wa mashamba walikuja na mashati yaliyopigwa pasi mpaka yakasimama yenyewe, na wengine walikuwa wametoka Salamabila, kwenye dhahabu, na miwani ya jua. Mwenyekiti wa komite alikuwa mmoja wao, muuza vipuri vya pikipiki huko machimboni, mwenye mdogo wake aliyesomea ualimu na asiye na kazi. Kila mtu alijua mdogo huyo angependa kukaa kwenye kiti gani. Mimi nilipewa kiti cha mbele, pembeni ya masista, kama mgeni wa heshima.

Kabla ya kusoma matokeo, Prefe aliona ni wajibu wake kueleza wazazi kwa nini baadhi ya pointi zimeunganishwa kutoka vifuko vya karanga. Angeweza kunyamaza, angalau nusu yao walikuwa hawajasikia. Yeye hakuwa mtu wa aina hiyo. Alisimama wima, akashika karatasi zake kwa mikono miwili, akasema kumetokea kosa la lugha. Watu wa pwani, alisema, waliingiza neno lao katika mwongozo wa simu.

Nililisikia uongo wangu mdomoni mwake, umevaa tai. Ulisikika mjinga.

Mwenyekiti alinyanyuka bila haraka. Alisubiri mpaka watu wakatulia.

"Bwana Prefe, hawa watu ya pwani waliingia mu simu yako namna gani? Walipita wapi, sisi hatukuwaona?"

Watu walicheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Mwenyekiti akaendelea. Alisema mtu anayeshindwa kutunza pointi za watoto na kusingizia watu walioko mbali hafai kukaa na watoto, na kwamba komite ina jina la mtu mwingine. Baadhi ya akina baba walianza kuitikia. Prefe hakunigeukia hata mara moja. Angeweza kunyoosha kidole na kusema muulizeni huyu, ndiye alinieleza hivyo, na hakufanya. Alisimama tu pale akiwa na karatasi zake zenye madoa ya mafuta.

Ningependa kusema nilisimama kwa ujasiri. Nilisimama kwa sababu sikuweza kuendelea kukaa, kama mtu aliyekalia siafu. Nikaomba neno. Nikawaambia nitawasomea sentensi moja, na kila mzazi aseme angefanya nini akiambiwa hivyo. Nikaisema, polepole: kumbukumbu za darasa zitoshe kwanza.

"Mukiambiwa hivi, munafanya nini?"

"Tunazitosha," walijibu pamoja, hata masista, hata mwenyekiti kabla hajajizuia.

Nikawaambia Prefe naye alizitosha, kwa kuwa ni mtu anayesoma kinachoandikwa. Kisha nikasema hakuna mtu wa pwani aliyeandika. Mwandishi ni mimi, mzaliwa wa Kasongo, ambaye nyumbani kwangu nasema tosha sufuria kila siku ya Mungu. Nilitaka nionekane nimezaliwa kando ya bahari ambayo sijawahi kuiona. Prefe nilimdanganya, na yeye akaniamini. Kama komite inatafuta mtu wa kufukuza, nikasema, inifukuze mimi, ingawa sijui itanifukuza kutoka wapi.

Mzee mmoja nyuma akasema tena, zitoshe kwanza, kwa sauti ya kizungu ya kupitia puani, na uwanja mzima ukalipuka. Walinicheka vizuri. Walinicheka mpaka wengine wakashikilia viti, na kila kilipotaka kwisha mtu mwingine alirudia neno lile. Mwenyekiti alijaribu kusema jambo kuhusu mdogo wake lakini hapakuwa na mtu wa kumsikiliza, akakaa. Prefe alinitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hakutabasamu, aliinamisha kichwa kidogo tu, akarudi kwenye orodha yake.

Alikuwa ameanza kusoma darasa la tano pale yule mama wa karanga aliposimama. Alipita katikati ya viti na mwili wake wote, akafika mbele, akaanza kufungua ncha ya kitenge.

"Ngoja na mimi niitoshe yangu," alisema.

Hakueleza zaidi. Alimpa Prefe karatasi iliyokunjwa mara nne, akarudi kukaa na uso mkavu kabisa, na watu waliokuwa karibu naye wakampisha kama wanavyompisha mtu anayetoka kupokea komunyo. Prefe aliikunjua. Akachukua kalamu, akaandika, akapiga hesabu pembeni, akaipiga tena. Bila karatasi hiyo msichana alikuwa anapanda darasa. Akiwa na sita yake ya Hesabu alikosa kwa pointi mbili.

Alilisoma jina lake miongoni mwa wanaorudia. Sauti yake ilishuka kidogo, kisha akaendelea na jina linalofuata.

Nilipotoka nilikuta pikipiki yangu imeshawashwa, na karibu na geti amesimama binti wa yule mama wa karanga, msichana mrefu mwenye sare iliyofuliwa kwa ajili ya siku hiyo. Hakuwa analia. Alinisalimu kwa heshima, kwa goti kidogo, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Nilidhani anataka kunishukuru kwa kusema ukweli, maana watu wazima wengi walikuwa wameshanishika mkono kwa ajili hiyo na nilikuwa nimeanza kuzoea.

"Mama," alisema, "si ungenyamaza tu?"

Dereva aliuliza kama tunaondoka. Nilipanda, nikashika begi langu, na tulipofika daraja la kwanza nikashuka, nikavuka kwa miguu.